Simba wa Kizimbani: Picha Yake na Maneno Yake

Watu wengi wanaosema Kiswahili hulijua neno simba kabla ya kumjua simba mwenyewe. Hulipata katika methali, katika ngano za Sungura, katika majina ya watu na katika jina la timu ya mpira. Kisha baada ya miaka humwona mnyama huyo katika picha, au akiwa nyuma ya nondo za kizimba. Wanaobahatika kumwona porini ni wachache, na wengi wa hao wachache ni wageni. Kwa sababu hiyo picha ya simba, na maneno mafupi yaandikwayo chini yake, ni jambo linalostahili kuchunguzwa na wataalamu wa lugha kwa makini yale yale yatumikayo katika kuchunguza shairi au hadithi. Maneno hayo husomwa na watu wengi, hukumbukwa kwa muda mrefu, na aghalabu hakuna anayeyauliza kama ni ya kweli.

Makala haya yanachunguza jinsi simba aliyefungwa anavyotazamwa, anavyopigwa picha na anavyoelezwa kwa maneno, na yanampima kwa simba wa Katavi. Kipimo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambayo makao yake yako Sitalike, kusini-magharibi ya mji wa Mpanda, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974 na kuongezwa mwaka 1998 hata ikafikia kilometa za mraba 4,471. Ni kubwa, iko mbali, na watalii waifikiao ni wachache sana wakilinganishwa na wale wa Serengeti au Ngorongoro. Huko simba hawakuzoeshwa sana magari wala kamera. Tena pembeni mwake wanaishi wakulima na wafugaji ambao kwao simba si picha hata kidogo. Palipo na tofauti kubwa kiasi hicho baina ya mnyama na sura yake, ndipo maneno yanapoweza kupimwa vizuri.

Yafaa kuanza na vitenzi, kwa kuwa Kiswahili kinavyo vitatu ambavyo wenye kueleza picha huvichanganya. Cha kwanza ni kufuga. Mtu hufuga ng'ombe, mbuzi au kuku. Humtunza mnyama kwa ajili ya maziwa, nyama, kazi au heshima, na mnyama huyo huitwa mfugo. Cha pili ni kufunga, na anayefungwa huitwa mfungwa. Cha tatu ni kulea, ambacho ni cha mtoto na mzazi. Herufi moja tu hutenga kufuga na kufunga, lakini mfugaji wa Mpimbwe hawezi kuvikosea: ng'ombe wake anafugwa, na mwizi wa ng'ombe wake hufungwa. Basi simba aliyemo kizimbani ni yupi kati ya hawa? Hakamwi, halimi, wala hachinjwi kwa kitoweo. Kusema "simba wa kufugwa" ni kumpa cheo cha mfugo asichokuwa nacho. Neno kizimba lenyewe linasaidia kuifunua maana, kwa kuwa lina matumizi mawili: ni kibanda cha kufungia wanyama, na ni mahali anaposimama mshtakiwa mahakamani. Mtu anayepandishwa kizimbani husomewa shtaka. Simba wa kizimbani hana shtaka analosomewa, ila amewekwa pale apate kutazamwa.

Mfano ulio wazi zaidi wa vitenzi hivi unapatikana Kenya. Mwaka 1956 George Adamson, aliyekuwa mlinzi wa wanyama, alimwua simba jike, kisha akagundua kwamba ameacha watoto watatu, wote wa kike. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alibaki kwa Adamson na mkewe Joy, akalelewa, akafundishwa kuwinda, akarudishwa porini. Akafa Januari 1961. Kitabu cha Joy Adamson, Born Free, kilitoka mwaka 1960, na filamu yake mwaka 1966. Hawa ni watoto wa mama mmoja. Mmoja alilelewa, naye akapata kitabu, filamu na jina linalojulikana duniani. Wawili walifungwa, na wasomaji wa Elsa waliojua habari zao baada ya safari ile ni wachache. Zaidi ya hayo, katika filamu Elsa aliigizwa na simba kadhaa waliokuwa mikononi mwa watu. Mtazamaji aliyelia kwa furaha kuona simba anaachwa huru alikuwa akiwatazama simba wasiokuwa huru, na hakuna neno lililomwonyesha tofauti hiyo alipokuwa akitazama.

Mwaka huo huo wa 1966 lilitokea jambo jingine ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawapaswi kulipuuza. Huko Longleat, Uingereza, Jimmy Chipperfield, mtu wa ukoo wenye sarakasi, alishirikiana na Marquess wa Bath kufungua uwanja wa simba ambamo watazamaji hupita ndani ya magari yao wenyewe. Viwanja vya namna hiyo viliitwa, na vinaitwa hata leo, kwa neno la Kiswahili: safari. Neno hilo, lililotoka Kiarabu likakaa pwani na bara kwa karne nyingi, lina maana ya mwendo wowote wa kutoka hapa kwenda pale. Mtu husafiri kwenda kuoa, kuzika, kuuza mpunga. Kiingereza kililichukua katika karne ya 19 kikalipunguza, likawa mwendo wa kwenda kuwinda au kutazama wanyama. Longleat ililipunguza tena, kwa kuwa mwendo wenyewe uliondolewa: gari huzunguka barabara ya lami ndani ya uzio, na mtazamaji hurudi nyumbani kabla ya jua kutua. Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Mpanda kwa gari moshi, akapita Tabora na Kaliua, amekwisha kusafiri kabla hajamwona mnyama yeyote. Lakini ni haki kukiri jambo moja la kweli lililomo katika uzushi wa Longleat: pale aliyezungushiwa chuma ni mtu, na mtazamaji aliyefungiwa garini hupata kuhisi kwamba kutazama kuna gharama.

Katika Tanzania yenyewe kutazama simba waliofungwa kuna historia yake. Kisiwa cha Saanane, katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikapewa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akikimiliki. Baadaye kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Walakini mahali ambapo wananchi wengi zaidi humwona simba ana kwa ana ni katika maonyesho ya Saba Saba na Nane Nane, ambako idara za maliasili zimekuwa zikileta wanyama hai katika vizimba. Foleni za watu huwa ndefu. Wazazi huwanyanyua watoto mabegani. Simu huinuliwa juu ya vichwa. Mkulima wa Katavi, ambaye maonyesho yake ya kanda hufanyika Mbeya, anaweza kusafiri mamia ya kilometa akamwone kizimbani mnyama ambaye usiku uliotangulia alinguruma nyuma ya kijiji chake. Naye hachekeshi kwa kufanya hivyo. Kusikia si kuona, na yule wa kijijini hatazamiki kwa amani.

Ama kuhusu picha zenyewe, ufundi wake una kanuni zinazojulikana na kila mpiga picha wa bustani za wanyama. Lenzi husogezwa karibu kabisa na wavu na tundu lake hufunguliwa sana, ili waya ulio mbele ufifie hata usionekane. Mpiga picha hungoja mnyama asogee mbali na ukuta, ili ukuta nao ufifie. Saa ya kulisha huchaguliwa, kwa kuwa ndiyo saa ambayo simba husimama na kutazama mbele. Kwenye kioo, kamera hugandamizwa ili mng'ao usiingie. Mwisho, kinachobaki cha zege, birika au mlango wa chuma hukatwa pembezoni mwa picha. Kanuni zote hizi zina lengo moja, nalo ni kukiondoa kizimba. Hapo ndipo mhakiki anapopata la kusema. Mshairi akiacha neno, msomaji hulitafuta. Lakini aliyeondoa kizimba hataki kitafutwe.

Baada ya kizimba kuondoka, kazi iliyobaki huachiwa maneno ya chini ya picha, na hapa sarufi hutoa ushahidi. Orodhesha vitenzi vya kweli vya simba aliyefungwa: hulishwa, hunyweshwa, hutibiwa, hufungiwa, huhamishwa, hutazamwa, hupigwa picha. Vyote ni vya kutendwa. Orodhesha vya simba wa porini: hunyemelea, huwinda, hupigana, huhama, hunguruma, hufukuza. Vyote ni vya kutenda. Lipo kundi la tatu, la vitenzi vya hali: amelala, ameketi, ametulia, anatazama. Hivi huwafaa wote wawili, maana simba wa porini naye hupumzika muda mwingi wa siku, pengine saa 20. Si ajabu basi kwamba maneno ya picha zilizopigwa vizimbani huchagua daima kundi hili la tatu. "Mfalme wa nyika ametulia," huandikwa, au "Simba akiitazama himaya yake." Neno la kwanza, mfalme, humpa utawala, la mwisho, himaya, humpa nchi, na kitenzi kilicho katikati hakisemi uongo wala ukweli. Mtunzi wa maelezo kama hayo amejificha katika kitenzi cha hali.

Methali zetu hazijifichi hivyo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama: maneno mawili yanayomtaja, mwenda na mla, yote yamezaliwa na vitenzi vya kutenda, na simba anajulikana kwa anavyokwenda na kwa anachokula. Hata ule usemi wa siku hizi, usione simba amenyeshewa ukadhani ni paka, unaanza na kitenzi cha kutendwa ili umwonye msikilizaji asidanganyike nacho. Usemi huo ungefaa kuandikwa mlangoni mwa kila bustani ya wanyama, kwa kuwa unatenga hali aliyo nayo mnyama na asili yake.

Upo ushahidi mwingine, ambao haumo katika lugha bali katika mwili wa simba mwenyewe. Manyoya marefu ya shingoni mwa simba dume huathiriwa na joto la mahali anapoishi. Penye baridi hurefuka na kujaa, penye joto huwa haba. Simba wa vizimba vya nchi za baridi aghalabu huwa na manyoya mengi kuliko wenzao wa nyika za joto, tena uso wake hauna makovu, kwa sababu hapigani na madume wengine wala hachomwi na miiba. Simba huyo ndiye aliyekuwa kielelezo cha kalenda, nembo na vitabu vya watoto. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekulia picha hizo akimwona dume wa nchi ya joto, mwembamba, mwenye manyoya haba na sikio lililochanika, huweza kudhani kwamba amepunjwa. Kielelezo kimekuwa kigezo, na mnyama halisi ndiye anayeonekana kuwa na kasoro.

Pengine itasemwa kwamba picha za porini nazo hudanganya. Hoja hii ina nguvu, na haifai kupitwa. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyetangulia kuwapiga picha simba wa Afrika Mashariki usiku kwa mwanga wa ghafla, alichapisha kitabu chake Mit Blitzlicht und Büchse mwaka 1905. Jina lenyewe linataja taa hiyo pamoja na bunduki. Ili simba waje mbele ya kamera, alifunga punda na ng'ombe kuwa chambo. Katika picha zile simba ni huru, lakini mnyama wa pili amefungwa, na bila yeye picha isingepatikana. Katika miaka ya karibu zaidi, shindano la picha za wanyamapori linaloendeshwa na Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la London lilimnyang'anya mshindi wa mwaka 2009 tuzo yake, baada ya waamuzi kuamua kwamba mbwa mwitu aliyekuwa akiruka lango katika picha ile huenda alikuwa amezoeshwa. Picha haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni maneno yaliyoweza kusemwa juu yake. Kwa hiyo uzuri wa picha na ukweli wa maelezo yake ni mambo mawili, na hukumu ya mojawapo haitoshi kuwa hukumu ya la pili.

Sasa na tuirudishe picha hiyo Katavi, mahali ambapo uzito wa jambo lenyewe unaonekana. Katika miezi ya kiangazi maji ya mto Katuma hupungua, viboko hujazana katika matope, na nyati hukusanyika kwenye mbuga za Katisunga na Chada. Simba huwafuata. Neno mbuga hapa lina maana yake ya asili, yaani uwanda wa majani unaofurika masika, wala si maana ya siku hizi ya eneo la kutunzia wanyama. Ng'ombe nao hutafuta majani na maji, na mpaka wa hifadhi hauonekani kwa simba wala kwa ng'ombe. Mkazi wa vijiji vya kusini, Mpimbwe na kwingineko, humjua simba kwa nyayo, kwa ngurumo na kwa ng'ombe asiyerudi zizini. Elimu yake ni ya vitenzi vya kutenda tu.

Wasukuma waliohamia huko na mifugo yao walikuja na desturi ya kumtunza mtu aliyemwua simba. Muuaji hucheza ngoma akipita kwa jamaa na majirani, nao humpa ng'ombe au fedha, kwa kuwa amewalinda. Watafiti Emily Fitzherbert, Tim Caro na Monique Borgerhoff Mulder, waliofanya kazi Katavi, walionyesha mwaka 2014 kwamba desturi hiyo ilikuwa ikigeuka: wengine hawakungoja tena simba aje zizini, bali walimfuata mbali ili wapate zawadi. Mlipaji kisasi alikuwa anakuwa mwindaji. Juhudi zilizofuata, zilizojiita WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ziliwaendea Wasukuma wenyewe na viongozi wao ili ngoma isichezwe kwa simba ambaye hakudhuru mtu wala mfugo. Hoja iliyotumika ilikuwa ya ndani ya desturi: zawadi ni malipo ya ulinzi, na pasipo ulinzi hapana zawadi. Hii ni hoja ya maana ya maneno, na wataalamu wa lugha wanapaswa kuona kwamba uhai wa simba ulitegemea tofauti baina ya kulinda na kuwinda.

Picha ya simba wa kizimbani ina nafasi gani katika shauri kama hilo? Inaharibu pande zote mbili. Aliye mbali, ambaye simba wake ni yule aliyetulia asiye na njaa, humhukumu mfugaji kuwa katili, kwa kuwa hajapata kuonyeshwa simba atendaye. Mfugaji naye, akiona mnyama aliyemla ndama wake anaitwa mfalme katika kalenda ya ofisi, huona kwamba wenye picha wamesimama upande wa simba. Hakuna hata mmoja wao aliyeelezwa jambo la kweli. Kumbe picha ya porini ikielezwa vizuri huweza kuwasaidia wote: madoa yaliyo kwenye mizizi ya masharubu hutofautiana kwa kila simba, na Judith Rudnai na Pennycuick walionyesha mwaka 1970, kwa simba wa Hifadhi ya Nairobi, kwamba madoa hayo yanatosha kumtambua mmoja mmoja. Picha ya namna hiyo huweza kusema ni simba yupi, yuko wapi, na pengine kama ndiye mwenye kosa. Hiyo ndiyo kazi ya jina halisi, na ni kinyume cha kazi ya neno mfalme.

Hata hivyo haingekuwa haki kuikataa picha ya kizimbani yote. Mtoto wa Mpanda ambaye wazazi wake hawana gari huenda asimwone simba mwingine maishani mwake. Mchoraji, mganga wa wanyama na mwalimu hujifunza mengi kwa kutazama karibu na kwa muda mrefu. Kosa haliko katika kutazama wala katika kupiga picha. Liko katika kuondoa kizimba mara mbili, kwanza katika picha na kisha katika sentensi. Mpiga picha huenda akasamehewa la kwanza, kwa kuwa ni ufundi wake. La pili ni kosa la mwandishi, na halina udhuru.

Kanuni inayofaa ni nyepesi. Maelezo ya picha ya mnyama na yataje mahali, mwaka na hali yake: ni huru, amelelewa, au amefungwa. Ikiwa amefungwa, kitenzi cha kutendwa kitumike bila haya: "Simba dume akilishwa, maonyesho ya Nane Nane." Maneno mfalme na himaya yaachiwe ngano, ambako Sungura huyajibu. Na katika vitabu vya shule vya nchi yenye simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, si vigumu kuweka picha ya dume wa Katavi mwenye makovu, manyoya yake haba, na chini yake kuandika anachofanya. Mwanafunzi wa Sitalike atamtambua. Wa Dar es Salaam huenda akahitaji kuelezwa, na huko kuelezwa ndiko kutakakokuwa mwanzo wa elimu yake juu ya simba na juu ya watu wanaoishi naye.